Nyaya za Kupasha Muziki Joto

Nchi yenyewe sitaitaja jina. Siogopi, ila wakati naandika haya jina lake lilikuwa limepelekwa bungeni kubadilishwa, na sipendi kutaja kitu ambacho kesho hakitakuwepo. Itoshe kusema ilikuwa nchi tulivu. Watu wake walikuwa wamekonda, lakini walikonda kwa utulivu, na hakuna aliyeona haja ya kuwaundia kamati. Kamati iliundwa siku muziki ulipokonda.

Muziki huo ulikuwa wa Mlezi wa Taifa. Mlezi alikuwa mzee mrefu, mpana wa mabega, na kila siku baada ya chakula cha mchana alikaa sebuleni Ikulu akasikiliza santuri za dansi za ujana wake. Alikuwa na amplifaya nzito kama sanduku la mahari na spika mbili ndefu zilizosimama kama walinzi wa mlangoni. Kwa miaka mingi muziki ule ulimbembeleza mpaka akasinzia, na taifa zima likapata saa moja ya kupumua. Kisha mchana mmoja hakusinzia. Alimwita Waziri wa Habari, Sauti na Utulivu, Mheshimiwa Dismasi Lukombeo.

"Lukombeo, muziki wangu umekonda."

"Umekonda vipi, Mheshimiwa Mlezi?"

"Besi halina nyama. Tarumbeta zinanikwaruza masikio. Mwimbaji anaimba kama karani anayesoma hukumu. Hauna joto. Nataka upashwe joto."

Waziri alitoka kinyumenyume, kama sheria ilivyotaka, akagonga kisigino kwenye kizingiti, akashukuru kizingiti. Mwaka ule alikuwa amesoma jarida moja tu, ndani ya ndege, nalo lilisema kwamba mashine ya muziki yenye sauti nyembamba na kavu hupata joto ikibadilishiwa nyaya zinazotoka kwenye amplifaya kwenda kwenye spika. Hakukumbuka zaidi ya hapo, maana ndege ilitua. Lakini kwa waziri hiyo ilikuwa sera kamili.

Alimwita Hilali Mwinchande.

Hilali alikuwa Mkurugenzi wa Sauti wa redio ya taifa. Mnene, mpole, mwenye masikio makini na moyo uliokuwa umechoka tangu utawala uliopita. Alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu, na mipango yake ya uzeeni haikuwa mikubwa: kulala mchana, kula chakula kikiwa bado cha moto, na kutosikia tena neno kikao.

"Mkurugenzi," waziri alimwambia, "nenda Ikulu ukausikilize huo muziki. Kisha utaniambia ni nyaya."

"Je, kama si nyaya?"

"Ndiyo maana nimekwambia mapema."

Hilali akaenda. Msimamizi wa Ikulu, mzee aliyevaa glavu nyeupe, alimfungulia sebule. Kilikuwa chumba kikubwa cha sakafu ya marumaru, kuta tupu, madirisha ya vioo kutoka juu mpaka chini, na katikati kiti kimoja cha mbao. Hilali hakugusa mashine. Alisimama katikati ya sebule akapiga kofi moja. Kofi likaenda ukutani, likarudi, likapita juu ya marumaru, likagonga vioo, likarudi tena kana kwamba limesahau kitu.

Akashusha pumzi. Kazi ilikuwa imekwisha. Sauti haikuwa na tatizo la nyaya. Ilikuwa haina pa kukaa. Chumba kizima hakikuwa na kitambaa hata cha kufutia pua.

"Hapa palikuwa na mazulia," Hilali alisema.

"Hapajawahi," msimamizi akajibu.

"Na hizi alama sakafuni?"

"Ni jua."

"Jua limechora mstatili?"

"Mkurugenzi," msimamizi akasema kwa sauti ya chini, "nina watoto."

Nami sitaki kuwatia matatani watoto wa watu, kwa hiyo nitasema tu yale ambayo kila muuza nyanya wa mji mkuu aliyajua. Mwanzoni mwa masika Mama Mlezi aliondoka. Aliondoka kwa helikopta, na helikopta ikarudi mara kadhaa kuchukua mazulia, mapazia, makochi na mito, vitu alivyonunua mwenyewe katika miaka yote ya ndoa. Kiserikali, Mama alikuwa ziarani. Kila asubuhi redio ya taifa ilitangaza kwamba ziara inaendelea vizuri. Aliyehakikisha kwamba tangazo hilo linasikika bila mikwaruzo alikuwa Hilali mwenyewe.

Sasa mtu atasemaje kwamba sebule inahitaji zulia? Atakuwa amesema kwamba zulia limeondoka. Na zulia haliondoki peke yake.

Hilali alirudi kwa waziri, akakaa, akafuta jasho.

"Ni nyaya," akasema.

"Nilijua," akasema waziri.

*

Kamati ya Taifa ya Kupasha Muziki Joto ilizinduliwa kwa gwaride. Wajumbe wake walichaguliwa kwa usawa wa mikoa, na kwa kuwa kila mkoa ulipeleka mtu wake mzito, baadhi yao walikuwa viziwi. Mwenyekiti alikuwa Daktari Nestori Bulemela, aliyekaa ng'ambo muda mrefu akisomea mambo ya nyaya na kurudi na skafu ya sufu, ambayo hakuivua hata jua lilipopasua vichwa.

"Ndugu wajumbe," Bulemela alifungua kikao, "zipo nyaya za fedha na zipo nyaya za shaba. Fedha ni baridi. Fedha hukonda. Shaba ni nyekundu, na kila kilicho chekundu kina joto. Hiyo ni fizikia, na pia ni uzalendo, kwa sababu shaba tunayo."

Wajumbe wakapiga makofi. Viziwi wakapiga zaidi, wasije wakadhaniwa kuwa viziwi.

Wakaanza na waya wa kawaida wa dukani. Ukapelekwa Ikulu, ukafungwa, Mlezi akasikiliza akiwa peke yake, mlango ukiwa umefungwa kama alivyopenda. Kamati ilisubiri koridoni, imesimama. Baada ya wimbo mmoja sauti ikatoka ndani:

"Bado."

Wakaleta mnene kuliko huo. "Bado." Wakaleta mnene kama kidole gumba, uliosukwa kama nywele za bibi harusi. "Bado." Mjumbe mmoja akashauri nyaya zianikwe juani ili ziingie Ikulu zikiwa na joto lake tayari, na zikaanikwa uwanja wa mpira, zikilindwa na askari wenye bunduki. Zilipoingia bado za moto, msimamizi akaunguza glavu. Mlezi akasikiliza.

"Bado."

Siku hiyo Hilali alijaribu. Alikuwa amechoka kusimama koridoni, na mtu aliyechoka hupata ujasiri kidogo, si mwingi.

"Ndugu mwenyekiti," akasema, "nyaya tumeziangalia vya kutosha. Labda tuangalie na chumba. Kitu laini kidogo. Kitambaa, tuseme. Pazia."

Mtu aliyekuwa anakunywa chai akaishikilia kinywani.

"Mkurugenzi," waziri Lukombeo akasema taratibu, "pazia ni jambo la Mama. Mama yuko ziarani. Ziara inaendelea vizuri. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Mheshimiwa."

Yule mtu akameza chai.

*

Ndipo Daktari Bulemela akaja na nadharia ambayo wanafunzi wa nchi ile wangali wanaisoma.

"Shaba mpya haina uzoefu," alisema, akirekebisha skafu. "Tunataka shaba iliyoiva. Shaba iliyobeba sauti za binadamu kwa miaka mingi: salamu, pole, hodi, vicheko vya wapendanao. Joto hilo huganda ndani ya waya. Je, shaba hiyo tunayo?"

Waziri akafikiri, uso ukang'aa. "Tunayo! Iko juu ya nguzo."

Hilali alikuwa amekaa mwisho wa meza, anapambana na usingizi wa baada ya ubwabwa. Alisikia kamati ikisema "ndiyo," naye akasema "ndiyo." Hakuuliza nguzo zipi. Alikuwa amekwisha kusema "ndiyo" nyingi sana maishani kiasi kwamba hazikumshtua tena zikitoka.

Nyaya zikaja kwa msafara wa magari ya jeshi. Zilikuwa nyingi, zimekunjwa kama mikate mikubwa, zina kutu ya kijani na vinyesi vya ndege. Wakazisuka zote kuwa kamba moja nene kama paja la mtu mzima, na kwa heshima ya siku ile Mlezi akaruhusu, kwa mara ya kwanza, kamati yote iingie sebuleni kushuhudia. Wakaingia wajumbe, waziri na maofisa wake, wapiga picha, padri na shehe, na wake wa wakubwa na vitenge vyao vipya. Wakajaa sebule mpaka marumaru haikuonekana.

Santuri ikawekwa.

Na muziki ukatoka na joto. Besi likaja mviringo, taratibu, kama mtu anayekaribia kukumbatia. Tarumbeta zikalainika. Mwimbaji akaimba kama aliyeshiba. Mlezi alifumba macho, mguu wake wa kulia ukaanza kucheza peke yake.

"Imeiva," akasema.

Watu walikumbatiana. Bulemela alilia ndani ya skafu. Hilali peke yake alitazama ile miili iliyobanana, makoti, vitenge, vilemba, na akaelewa kilichotokea. Chumba kilikuwa kimepata vitambaa vyake. Vilikuwa vimevaliwa tu. Akafungua mdomo, akaona waziri anamvika medali, akaufunga.

*

Alirudi nyumbani na medali kifuani. Mkewe, Bi Maulida, mwanamke mfupi aliyezoea kumaliza jambo alilolianza, alikuwa amekaa kando ya simu, mkono juu ya mkonga wake.

"Baba Hidaya, simu ya kusini imekufa."

Hidaya alikuwa binti yao wa pekee. Aliolewa mkoa wa kusini, na sasa alikuwa mjamzito wa mimba ya kwanza, siku zake zimekaribia. Masika ilikuwa imechukua daraja na barabara ilifungwa kwa kila gari lisilo la jeshi, kwa hiyo jioni zote za karibuni mama na binti walizimalizia kwenye simu. Mtoto anacheza vipi, miguu imevimba wapi, nini cha kula na nini cha kuacha.

"Itarudi," Hilali alisema.

"Haitarudi. Nimeenda posta. Wanasema nyaya zimechukuliwa, mkoa mzima. Nguzo zimebaki zimesimama kama wajinga. Nimeuliza nani kachukua, wakaniambia ni siri ya serikali, na inahusu muziki." Akaitazama medali. "Hiyo umepewa ya nini?"

Hilali alikaa chini. Akamweleza yote: kofi, mazulia, shaba iliyoiva, na ile "ndiyo" yake ya mwisho wa meza.

Bi Maulida hakupiga kelele, na Hilali angependa apige. Alichukua simu ile iliyokufa akaiweka sikioni, akasikiliza, kisha akairudisha polepole.

"Kwa hiyo sauti ya mwanangu," akasema, "imefungwa kwenye spika ya yule mzee."

*

Kesho yake Mlezi alikaa peke yake kwenye kiti chake, akafunga mlango, akaweka santuri. Muziki ulikuwa umekonda upya.

Kamati ikaitwa mbio. Wakaingia wote sebuleni kuchunguza hitilafu, na hitilafu ikaisha. Wakatoka, ikarudi. Wakaingia, ikaisha. Daktari Bulemela alieleza kwamba shaba iliyozoea watu hukosa furaha ikiwa peke yake, na waziri akaona hapo hekima kubwa. Jioni hiyohiyo kamati ikageuzwa kuwa Kikao cha Kudumu. Kila siku, kuanzia adhuhuri mpaka machweo, wajumbe walitakiwa kukaa sakafuni sebuleni Ikulu, wamevaa makoti ya sufu, bila kukohoa, bila kusinzia, bila kusema lolote.

Ilikuwa kazi yenye heshima. Wajumbe wembamba waliondolewa mmoja mmoja na wanene kuwekwa mahali pao, na familia kubwakubwa za nchi zikaanza kunenepesha vijana wao kwa matumaini ya uteuzi. Hilali, kwa umbo lake, alipangiwa pembe ya nyuma, ambako besi hupenda kujikusanya.

Siku zikapita hivyo. Alitoka nyumbani asubuhi, alirudi na nywele zinanuka jasho la sufu. Chakula cha mchana hakukila. Kustaafu kwake kukaahirishwa kwa manufaa ya umma. Kusini kulikuwa kimya, na ndani ya kimya kile mtoto wake alikuwa anajifungua, au amejifungua, au jambo jingine ambalo hakuthubutu kulifikiri. Mara nyingine, katikati ya wimbo, alikaza macho kwenye ile kamba ya shaba iliyolala sakafuni akategea sikio, kama vile kati ya besi na ngoma angesikia mtu anaita baba.

Masika ikaisha. Daraja likachukua miezi kutengenezwa, kisha barabara ikafunguliwa. Hilali akaomba ruhusa.

"Haiwezekani," waziri Lukombeo alimwambia. "Jana ulipoenda msalani, Mlezi aliuliza besi limekwenda wapi."

Bi Maulida alikuwa amekwisha kufunga mizigo.

"Tangulia, mke wangu," Hilali alimwambia. "Mimi nitafuata."

"Sitangulii. Nikifika Hidaya ataniuliza baba yuko wapi. Nitamwambia nini? Kwamba baba yako siku hizi ni mto?"

Akasogeza meza ya sebuleni kwake. Akasogeza viti. Akapiga magoti, akaanza kukunja zulia lao, zulia jekundu la mahari yake, lililofifia katikati pale familia ilipozoea kukaa.

"Mama Hidaya, unafanya nini?"

"Nenda kazini, utachelewa kunyamaza."

*

Bi Maulida alifika lango la Ikulu mchana, zulia kichwani. Walinzi wakamuuliza anataka nini. Akasema, kwa sauti aliyokuwa akiitumia kuita watoto kutoka mtaa wa pili:

"Nimeleta zulia! Ikulu haina zulia! Chukueni hili, mnirudishie mume wangu!"

Barabara nzima ilisimama. Hakuna aliyewahi kuyasema maneno hayo kwa sauti ya juu, na sheria haikuwa imesema mtu akiyasema afanywe nini. Walinzi wakapiga simu ndani. Ndani wakamwuliza mkubwa, naye akajificha msalani. Mwishowe msimamizi wa glavu nyeupe akatoka mwenyewe. Alilitazama zulia, akamtazama Bi Maulida, akashika ncha moja, Bi Maulida akashika nyingine. Wakaingia nalo mpaka sebuleni.

Muziki ulikuwa unaendelea. Wajumbe wakasogea ukutani, macho yamewatoka. Zulia likakunjuliwa mbele ya spika. Waziri Lukombeo alikuwa tayari amefungua mdomo ili aamuru mtu akamatwe, ila hakujua aanze na nani.

"Tokeni nje," Mlezi akasema. "Wote. Wewe mnene wa pembeni, baki. Na huyu mama akae hapo koridoni apewe chai."

Wakabaki wawili na muziki. Haukuwa na joto lote la siku ya medali, lakini tarumbeta hazikukwaruza.

"Ni mkeo?" Mlezi akauliza.

"Ni mke wangu, Mheshimiwa."

"Amekuja na usafiri gani?"

"Kwa miguu."

"Na zulia kichwani. Kwa ajili yako." Mlezi alitikisa kichwa. "Wangu alikwenda kwa helikopta."

Kiserikali, Hilali hakuwa amesikia.

"Ulijua tangu lini kwamba si nyaya?"

Hilali alikuwa amechoka mno kutafuta uongo. "Tangu siku ya kwanza. Nilipiga kofi."

"Mimi nilijua kabla yako. Siku mazulia yalipoondoka nilikohoa, nikasikia kikohozi changu kimezunguka nyumba nzima." Akaitazama santuri inavyozunguka. "Lakini ningesemaje? Nileteeni zulia? Wangeniuliza la zamani liko wapi. Nikasema muziki umekonda. Nikadhani mmoja wenu ataelewa aniletee zulia kimyakimya. Mkaniletea mkoa mzima wa shaba."

"Mheshimiwa, ungetwambia baada ya siku ile."

"Baada ya siku ile mlikuwa mnakaa hapa." Alitazama kule walikokuwa wamekaa wajumbe. "Hamkuwa watu wa maana, lakini mlikuwa mnapumua."

Hilali alimwonea huruma, jambo lililomuudhi. Akakusanya nguvu zilizobaki.

"Mheshimiwa, binti yangu yuko kusini. Sijui kama yu hai. Nyaya zile ni za simu yao. Naomba zirudishwe."

"Zichukue," Mlezi akasema. "Mwambie Lukombeo nimesema. Na zulia mniachie."

*

Hilali alimwambia Lukombeo. Lukombeo alisikitika kwa dhati. Nyaya zile, alieleza, zilikuwa zimetangazwa Urithi wa Taifa wiki iliyopita, kwa sheria iliyotiwa saini na Mlezi mwenyewe, na sheria hiyo ilimzuia mtu yeyote kuzigusa, akiwemo Mlezi. Kwa kuwa sasa sebule ilikuwa na zulia, spika zilifungiwa waya wa kawaida wa dukani, na ile kamba kubwa ikawekwa kwenye kabati la kioo mlangoni, wageni waitazame. Daktari Bulemela akateuliwa mlinzi wake. Wajumbe, waliokosa posho na pa kukaa mchana, walimnyima Hilali salamu.

Yeye na Bi Maulida walipanda basi la kusini siku iliyofuata. Barabara ilikuwa mbovu na kando yake nguzo za simu zilifuatana kilima kwa kilima, tupu, hazina hata ndege, kwa kuwa hapakuwa na waya wa kutua. Bi Maulida alikuwa ameshika kifurushi cha nguo za mtoto, na kila basi liliporuka alikikumbatia kama vile kina roho.

Walifika jua limeanza kupoa. Nyumba ya Hidaya ilikuwa na mlango wazi. Alikuwa amekaa barazani anachambua mchele, amekonda, na kwenye mkeka pembeni yake mtoto wa kike alikuwa ameketi mwenyewe, ameshika kijiko, ana meno mawili.

Hidaya aliinuka, mchele ukamwagika. Alimkumbatia mama yake, akalia, akamkumbatia baba yake, akalia zaidi. Kisha akajitoa kifuani, akajifuta macho kwa ukingo wa kanga, na hasira ikamjia yote kwa pamoja.

"Nilishikwa na uchungu kutwa nzima, baba. Nilikuwa nawaita. Mbona hamkupiga hata simu?"

Bi Maulida alimgeukia mumewe, akangoja. Hilali alimtazama mjukuu wake, ambaye naye alikuwa anamtazama, kijiko mkononi.

"Laini ilikuwa inatumika," akasema.